Kwenda Kabwe Kujifunza Joto

Jirani yangu ndiye aliyeanza kunicheka. Alinikuta uani hapa Malangali, saa nne asubuhi, nimevaa baibui jeusi juu ya sweta, natembea kutoka jikoni hadi banda la kuku na kurudi. Ulikuwa mwezi wa saba na upepo wa Sumbawanga haukuwa na adabu. Ulilipandisha lile baibui mpaka magotini, nami nikawa nalivuta chini kwa mikono miwili.

"Weee, mwalimu! Umesilimu lini?"

"Nafanya mazoezi," nikamjibu. "Na ukizidi kucheka nitakupa adhabu ya kufagia banda."

Nilikuwa najiandaa kwenda Omani. Mimi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mkatoliki wa kuzaliwa, mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote iliishia Dodoma na ambaye hajawahi kulala bila blanketi mbili. Binti yangu, ndiye huyo huyo mmoja niliyejaliwa, anaishi Maskati na mumewe, na alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa pili. Tiketi mumewe alishakata. Pasi ya kusafiria ilikuwa sandukuni, chini ya kanga. Kilichobaki, kila mtu aliniambia, ni kujua masharti ya huko na kuzoea joto.

Na ushauri, jamani, haukosekani mjini kwetu. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani walinijia na mambo ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyaona kwa macho. Usimtazame mwanamume usoni. Rozari ishone ndani ya pindo. Usicheke barabarani. Jua la kule linaivisha yai juu ya bati. Yote nikayaandika kwenye daftari, nikagawa na kurasa kabisa: Mavazi, Salamu, Chakula, Joto. Ni ugonjwa wa ualimu huo, kuamini kwamba jambo likishaandikwa daftarini, mtihani umefaulu.

Lakini hofu yangu haikuwa na ukurasa. Nilikuwa namwogopa binti yangu.

Nieleze tangu mwanzo. Miaka minane iliyopita alimpenda kijana wa Kabwe, kule ziwani, aliyekuwa analeta dagaa sokoni kwetu. Mwislamu. Nikakataa. Nikasema na maneno mengine ambayo siyaandiki hapa. Padri wangu ameyasikia, inatosha. Mume wangu alishafariki, hakuna wa kunishika mkono na kuniambia mama, punguza. Binti akaenda, akasilimu, wakafunga ndoa bila mimi, akakaa Kabwe kwa wazazi wa mumewe miaka miwili kabla hawajahamia Omani. Mtoto wa kwanza alizaliwa hapo hapo Kabwe. Kutoka mlangoni kwangu hadi Kabwe ni basi la asubuhi tu, jioni umefika. Sikwenda. Mwenyekiti wa jumuiya alinifuata akaniambia mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Nikamwambia kiganja ni changu, aniachie.

Tangu hapo tukawa watu wa simu ya dakika moja. Shikamoo mama. Marahaba. Mnaendeleaje? Salama. Haya, siku njema. Mumewe aliponipigia kunikaribisha Maskati nikamuuliza, na yeye mwenyewe anasemaje? Akasita, akampa simu. Binti yangu akasema, "Kama utaweza, mama, sawa."

Kama utaweza! Neno hilo nimeliosha na vyombo, nimekwenda nalo kwenye misa, nimelala nalo. Huyu ni mtoto aliyekuwa ananibishia kila kitu. Chumvi kwenye maharage ananibishia, njia ya kwenda gengeni ananibishia, mpaka marehemu baba yake akawa anatoka nje kuvuta hewa. Ndicho nilichokuwa nakitamani, kunibishia kwake. Nilimkumbuka hadi nikawa naweka sahani mbili mezani, halafu najikasirikia mwenyewe na kurudisha moja kabatini.

Wazo la Kabwe lilikuwa la huyo huyo jirani, na alilitoa kwa utani. "Joto si lipo Kabwe? Waislamu wapo, tena wakwe zako. Nenda ukasome huko, uache kuwatisha kuku." Nilinuna siku tatu. Siku ya nne nikawapigia wakwe simu, nikawaomba binti asiambiwe kwanza, nikafunga begi.

Tulipopita Namanyere na barabara ikaanza kushuka kuelekea ziwani, abiria wakawa wanavua majaketi. Mimi nilikuwa wa mwisho kufungua kifungo cha sweta, kwa ukaidi tu. Niliposhuka, joto likanipiga usoni kama umefunua sufuria ya ugali.

Mama yake mkwe wangu alikuwa amesimama kituoni, mwanamke mfupi mwenye mtandio wa kijani. Njia nzima nilikuwa nimepanga majibu. Akinisema hivi, nitamjibu vile. Akanipokea begi, akaniambia, "Karibu, mama mzaa chema." Basi. Hakuna lawama hata moja. Afadhali angenisema, ningejua pa kushika.

Nikaanza masomo. Asubuhi anaanika dagaa mchangani, nami namsaidia nikiwa ndani ya baibui, jasho linanitiririka mpaka kwenye visigino. Alinionyesha kuubana ushungi usiteleze. Mwanamume usimpe mkono mpaka anyooshe wa kwake. Maji unakunywa kabla ya kiu, na adhuhuri unajilaza, hata kama kwenu kulala mchana ni uvivu. Vyote nikaandika. Alilicheka lile daftari mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, na kupumua umeandika?"

"Hiyo bado. Nifundishe taratibu."

"Heshima ya kule ni hii hii yenu," akaniambia. "Mkubwa anaamkiwa, mgeni anakaribishwa, mwili unasitiriwa. Kilichozidi ni jua." Na rozari niliyokuwa nimeificha ndani ya soksi aliiona, akaitundika mwenyewe kwenye msumari juu ya kitanda changu. Nikaona haya.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, tulikuwa tumekaa mkekani tunajipepea. Nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni kwamba joto nimeliweza. Akanitazama vizuri, akasema, "Tumshukuru Mungu, mwenzangu. Naona presha yako imetulia."

"Presha gani?"

"Si ile iliyokuzuia kuja mtoto alipozaliwa."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Walinipigia simu siku ile mjukuu alipozaliwa, wakaniambia binti anakuulizia. Nami nikajibu kwamba joto la ziwani siliwezi, daktari amenikataza, nina presha. Maishani mwangu sijawahi kuwa na presha. Nilisema tu, mdomo ukaniponyoka kwa kiburi, nikakata simu nikaendelea kuchambua maharage.

Mama wa watu hakujua anachonifanya. Alikuwa anamsifia mkwewe. "Alikupenda mtoto yule! Kila aliyeuliza mbona mama mzazi haonekani, alimjibu mwenyewe: mama ana presha, joto litamwua. Shangazi mmoja akasema labda sisi hatuwafai, akambishia mpaka wakakaribia kugombana. Na uji, mwenzangu, alinitesa. Wa mchele hataki, wa mahindi hataki. Anasema kwao mzazi anakunywa wa ulezi, na anayeujua kuupika ni mama. Nikaagiza ulezi Namanyere, nikapika kwa mikono yangu hii. Akaonja, akaweka chini. Akasema tusubiri kidogo, mama presha ikishuka atakuja nao."

Nikauliza, sijui kwa nini niliuliza, "Alisubiri mpaka lini?"

"Siku ya arobaini akaniambia, mama, pika tu uji wowote. Nikapika. Akanywa."

Daftari lilikuwa mapajani, kalamu mkononi. Sikuandika kitu. Nilimwona mwanangu amekaa kwenye chumba hiki cha joto, mtoto kifuani, anautetea uongo wangu mbele ya watu wazima. Na mimi wakati huo nilikuwa wapi? Nilikuwa Malangali nimejifunika blanketi, nasubiri yeye ndiye aje kuniomba msamaha. Majuto ni mjukuu, tunasema hivyo tukiwa tunachekana. Siku hiyo sikucheka.

"Nipe simu yako," nikamwambia.

Yangu ilikuwepo. Lakini ningempigia binti yangu kwa yangu, angenijibu ile dakika moja yetu.

Akapokea hapo hapo. "Shikamoo mama! Ehee, niambie, dagaa wamekauka au jua limewagomea? Nilikwambia uwageuze mapema, hunisikii!"

Loo! Ndiyo sauti ile. Anabisha, anacheka, amejaa tele, na hakuwa anaongea na mimi.

"Mama? Upo?"

"Ni mimi," nikasema. "Niko Kabwe."

Nikasikia feni inazunguka huko kwao.

"Kabwe? Tangu lini?"

"Hii siku ya nne." Nikaibana simu kwa mikono miwili. "Mwanangu, sikuwa na presha. Wala daktari hakunikataza. Ningeweza kuja tangu siku ile ya kwanza."

Mama mkwe wake aliacha kujipepea. Sikumtazama.

"Nilijua, mama," akasema binti yangu. "Siku zote nilijua."

Nilisikia tu anavuta kamasi, nami navuta za kwangu. Halafu nyuma yake kikaja kisauti cha mtoto, kinauliza mama analia nini, anaongea na nani.

"Na bibi," akamjibu.

"Bibi wa Kabwe?"

"Hapana. Una bibi mwingine. Huyu ndiye anayekuja."