Kiganja Changu Kwenye Chungu cha Mbegu

Harufu ya kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichokandwa na jivu huwafanya wageni wazibe pua, lakini mimi hunirudisha moja kwa moja jikoni kwa bibi yangu, kijijini Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia. Tulimwita Kukhu. Kila baada ya mavuno alichagua karanga nzuri kuliko zote, akazijaza kwenye chungu zikiwa na maganda yake, kisha akauziba mdomo wa chungu kwa mchanganyiko huo. Kabla kizibo hakijakauka, mtu aliyepewa kazi ya kulinda mbegu alikandamiza kiganja chake juu yake. Chungu kiliwekwa kwenye kona yenye giza, na hakuna aliyekigusa tena mpaka mvua za kupanda. Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nne, na Kukhu alinichagua mimi. Binamu zangu walicheka hadi wakakaa chini.

Walikuwa na haki ya kucheka. Jina langu pale nyumbani lilikuwa Panya. Nililamba sukari, nikakwangua ukoko wa ugali wa jana, nikatafuna viazi vibichi, na nilifanya hivyo hata nikiwa nimeshiba na tumbo linauma. Mkono ulikwenda wenyewe. Mama yangu naye alikuwa na ugonjwa wa aina hiyo, ila wake ulikuwa wa kununua. Siku ya soko alivuka mpaka kwenda upande wa Uganda kutafuta chumvi, akarudi na birika jingine, mapazia ya madirisha tusiyokuwa nayo, na kitenge juu yake. Chumvi amesahau. Baba alifanya kazi mbali, kwa hiyo wa kumkaripia alikuwa mama mkwe wake, na Kukhu hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Hii nyumba iko na midomo mbili haishibi," alisema siku ile, akituangalia kwa zamu. "Moja ni ya kula, ingine ni ya kununua. Sasa Panya ndiye atalinda mbegu. Akizikula, hatupandi."

Alipotoka, Mama alinivuta karibu na meko. "Sisi wawili tutamwonyesha," alininong'oneza. "Wewe usiguse hiyo chungu, na mimi sivuki mpaka. Sawa, mama?" Alipenda kuniita mama akiwa na furaha. Niliitikia. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kuniweka upande wake, na nilijiona mkubwa kweli.

Msimu ule nilijifunza kujizuia kama wengine wanavyojifunza kuogelea, kwa kunywa maji mengi kwanza. Nililala chumba kimoja na zile karanga, na ningeapa kwamba nilizisikia zikinukia kupitia kizibo. Hamu iliponipanda nilichota kikombe cha maji, nikayashikilia mdomoni bila kumeza mpaka ipite. Ilipita. Mara ya kwanza nilishangaa, maana nilidhani hamu ikishakushika haikuachi mpaka uitii. Siku za soko Mama naye alihangaika. Alifua nguo safi, akafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, akasimama langoni akiwatazama wanawake wa jirani wakielekea mpakani na vikapu vyao. Nilimpelekea kikombe cha maji. Aliyashikilia mdomoni, mashavu yamemvimba, tukatazamana mpaka akacheka na kunirushia yote. Nafikiri sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda siku hiyo.

Kisha Kukhu akaenda matangani Marachi, akakaa huko. Jioni moja nilitoka shule nikamkuta Mama jikoni, mikono imejaa kinyesi na jivu. "Kizibo kilipasuka," aliniambia bila kugeuka. "Nimekirekebisha. Kuja uweke mkono, Kukhu asiseme tumezembea." Nilipiga magoti, nikakandamiza kiganja changu kwenye ubichi ule, vidole vyote vitano, kwa fahari. Hata akanisaidia kukandamiza. Siku iliyofuata alisema anakwenda Sigalame kumwona dada yake mgonjwa, nami nikamwamini, kwa nini nisimwamini?

Mvua iliponyesha, Kukhu alikwishakurudi. Alikivunja kizibo mbele yetu sote, akaingiza mkono, akatoa maganda. Akaingiza tena, maganda. Alikimimina chungu chote mkekani na hapakuwa na hata punje moja, maganda matupu yaliyopasuliwa vizuri. Wote walinigeukia. Nilisema sikuzila. Nilisema Mama ndiye aliyeziba upya, kwamba aliniita niweke mkono, na nikamtazama aseme.

"Mimi?" Mama alisema. "Huyu mtoto jamani. Mkono ni wa nani hapo?"

Vipande vya kizibo vilikuwa sakafuni na vidole vyangu vilionekana wazi. Kukhu hakunipiga, na ningeona afadhali angenipiga. Alinipa beseni nizunguke majirani kuomba mbegu, na kila mlangoni ilibidi isemwe kwa nini tunaomba. Mimi nilishindwa kusema. Mama, aliyenisindikiza, alinisemea. "Huyu wangu amekula mbegu," alisema kila nyumba, akitikisa kichwa kwa masikitiko, nao wakanitazama na kunimiminia konzi ya karanga. Nililia njia nzima. Alinifuta machozi kwa upindo wa leso yake.

Pasaka Mama alivaa kitenge kipya cha kijani chenye ndege wa manjano. Kukhu alipouliza, alijibu amepewa na dada yake wa Sigalame. Nilimkodolea macho mpaka akainamisha uso na kuanza kukaza fundo kiunoni, fundo ambalo halikuwa limelegea. Hapo ndipo nilipojua mbegu zilikwenda wapi.

Siku hizi nafanya kazi Malaba, katika ofisi ya kushughulikia mizigo ya malori. Wachuuzi hupita dirishani na chapati zilizokunjwa na mayai, na vijana wa ofisini hununua mpaka mshahara unaisha. Mimi sinunui. "Madam, wewe una roho ya chuma, tufunze," huniambia. Huwafunza lile la maji. Sijawaambia nilijifunza wapi, wala kwamba karanga sijazila tangu darasa la nne.

Desemba iliyopita Mama alikuja kunitembelea na karanga za shamba lake. Alikaa akizimenya na binti yangu, akamsimulia, akicheka, jinsi mama yake alivyokuwa Panya aliyemaliza mbegu za ukoo mzima. Husimulia hivyo kila mwaka, na kila mwaka anaongeza chumvi.

"Mum, ni ukweli ulikula mbegu?" binti yangu akaniuliza.

Mama aliendelea kumenya. Hakuinua uso. Alijua nitanyamaza, maana amezeeka, na mjukuu wake anampenda. Nikachota kikombe cha maji, nikayashikilia mdomoni kama zamani, nikingoja hamu ya kusema ipite. Ile ya karanga ilikuwa ikipita upesi. Hii mpaka leo haijapita.