Sala ya Mdogo Wetu Mbele ya Jumuiya

Watu wengi wa mtaa wetu hapa Umoja hupenda Zaburi jinsi wanavyopenda sukari: kijiko kimoja asubuhi, tena kwenye simu. Huweka picha ya maua na mstari mmoja mtamu juu yake, kisha hutoka kwenda kusengenya. Ukiwauliza mstari unaofuata unasemaje, wanakutazama kana kwamba umewaomba nauli.

Mama hakutulea hivyo. Alitoka magharibi mwa nchi, kwenye kanisa linaloabudu kwa ngoma, na kwake Zaburi zilikuwa za kuimbwa kwa mfululizo bila kuruka hata moja, ya furaha na ya hasira vilevile. Alipokufa, miaka michache baada ya baba, niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikaenda kuchuna mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko ili wadogo zangu wawili wabaki darasani. Desturi ya mama niliishika. Alfajiri kabla sijatoka tuliimba Zaburi moja, kipande kwa kipande, juma zima, mpaka kila mmoja aijue kwa moyo. Kisha tulisogea kwa inayofuata, iwe inapendeza au inauma. Mdogo wetu wa kike, wa darasa la tano, alizishika kuliko sisi. Aliziimba hata akifua soksi.

Jumamosi moja jumuiya ya kanisa ilikuja kututembelea. Tangu mazishi hawakuwa wamekanyaga kwetu, ingawa mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti ya kuamuru, aliishi mlango wa tatu kutoka wetu. Safari hii waliitwa na shangazi. Alitaka kumchukua mdogo wetu akakae naye kijijini, amsaidie kulea mjukuu, na alitaka watu wa Mungu waubariki uamuzi huo. Nguo za mtoto alikuwa ameshazifunga kwenye mfuko hata kabla wageni hawajaketi.

"Msichana hawezi kulelewa na mwanamume anayenuka mbuzi," alisema akitazama ukuta.

"Nimeoga, shangazi."

"Harufu ya mbuzi haijui sabuni, baba."

Mwenyekiti alicheka kidogo, akasema jumuiya imeliombea jambo hilo na imeona ndilo la heri. Imeomba lini, sijui. Watu hawa huomba haraka sana jambo linapomhusu mtoto wa mwingine. Nikasema mdogo wangu haendi popote. Hakuna aliyegeuza shingo, nao walikuwa wakinywa chai yangu.

"Basi mwanetu atufungie kwa sala," mwenyekiti akasema. "Atuage."

Mdogo wetu alisimama, akafumba macho, akaanza Zaburi tuliyokuwa nayo juma hilo. Hakuiimba. Aliisema polepole, kama anayezungumza na mtu aliye karibu. Ni ile ya mgonjwa anayemlalamikia Mungu kwamba marafiki wanamkwepa, jirani hawamkaribii, na wanaomtakia mabaya wanashinda wakipanga hila. Alipofika kwa jirani, vikombe vilitua mezani. Alipofika kwa wenye hila, shangazi alifumbua macho.

"Huyu mtoto amefundishwa kututukana," mwenyekiti akasema.

"Bado anaomba," nikamwambia.

"Anatushtaki kwa Mungu na wewe unamtetea? Hao majirani ni nani, kama si sisi?"

"Mama, hiyo ni Zaburi."

"Zaburi gani hiyo? Mimi nimeokoka kabla hujazaliwa."

Mdogo wangu wa kiume alimwomba mwenyekiti Biblia yake, ile yenye zipu, akaifungua na kumwekea kidole. Kurasa za hapo zilikuwa bado zimegandana. Mwenyekiti alisoma akichezesha midomo. Mwenzake alichungulia, akasema, "Kumbe." Nilingoja mwenyekiti aone haya. Alifunga zipu, akasema neno ni neno, ila kuna neno la watu wazima. Mwandishi wa Zaburi mwenyewe angeingia mle ndani, wangemwekea mikono kichwani ili pepo la uchungu limtoke.

Shangazi hakusoma. Maneno yalikuwa yameshamgusa, na kama waoga wote, aliyaogopa zaidi alipojua ni ya Biblia.

"Hizo ndizo unazoomba?"

"Kila asubuhi," mdogo wetu akamjibu kwa adabu. "Zenye laana hasa bado hatujazifikia, shangazi."

Shangazi alijifunga leso yake upya. Alisema nyumba yake ina mtoto mchanga, hawezi kuingiza sala za namna hiyo. Msichana na akae huku kwanza. Wakaondoka wote, mwenyekiti akiniagiza nimfundishe mdogo wangu kushukuru.

Sikuona cha kushukuru. Mtu anabeba kitabu kizima maisha yake yote, kisha anaikimbia nusu yake ikitamkwa na mtoto. Mfuko wa nguo walikuwa wameuacha mlangoni. Nilimwambia mdogo wangu aufungue mwenyewe. Akatoa sare ya shule, akaikung'uta, akaitundika kwenye msumari wake.