Maji ya Kwanza ya Babu Yoshizo

Kwa miaka arobaini na tisa, tangu siku baba yake alipozikwa, Babu Yoshizo Kasai alikuwa mtu wa kwanza kuingia majini nyumbani kwake. Halafu nikaja mimi.

Babu alikuwa mkulima wa matufaha kule Hirosaki, kaskazini mwa Japani. Mfupi, miguu ya upinde, meno mawili ya mbele aliyaacha chini ya mti siku ngazi ilipomsaliti. Mwezi wa pili, wakati watu wenye akili zao wamejifunika, yeye alisimamisha ngazi juu ya theluji akapogolea miti kwa msumeno wa mkono, kutwa nzima, peke yake, akiutukana mti mmoja baada ya mwingine. Jioni alirudi vidole vimekauka kama vijiti alivyovikata. Na kwa baridi yote hiyo alikuwa na faraja moja tu duniani: maji ya kwanza.

Hodhi la nyumba ile lilikuwa refu kwenda chini, mtu anazama mpaka kidevuni. Lilijazwa mara moja kila jioni. Unajisugua kwanza nje, umekaa kwenye kigoda, mpaka unang'aa. Ndipo unaingia kulowa. Maji ni hayo hayo kwa wote. Wa kwanza anayakuta makali, yametulia, hayajaguswa na mtu. Wa mwisho anakuta kilichobaki cha ukoo mzima.

Siku niliyofika, mwanafunzi wa kubadilishana mwenye begi moja na kamusi mbili, Babu alinipokea mlangoni, akanionyesha bafu, akasema, "Tangulia."

Nikasema, "Asante." Nikatangulia.

Leo, baada ya miaka ishirini na sita ya kuishi huku, najua nilichofanya. Nilitakiwa kukataa mara mbili na kuacha ya tatu ibaki hewani, mpaka yeye mwenyewe aseme haya basi, naingia mimi. Adabu yake ilikuwa mlango uliorudishiwa tu, mimi nikaupita kama ng'ombe.

Tena sikuyaweza maji yenyewe. Nyuzi arobaini na tatu! Mtoto wa Shinyanga, niliyekua nikioga ndoo ya maji ya bomba, nilitumbukiza mguu nikautoa ukiwa mwekundu kwa namna ambayo sikujua ngozi yangu inaiweza. Nikafungua bomba la baridi. Nikasubiri. Nikafungua tena. Nilipotoka, nyuma yangu nilimwachia yule mzee kitu kama chai iliyopoa ya mtu aliyeitwa kwenye simu.

"Maji yalikuwaje?" akaniuliza, taulo begani.

"Mazuri sana, Babu."

"Mazuri, eh?"

Akaingia. 

Ikawa desturi. Mchana nilikuwa chuoni nikiandika herufi ileile mara hamsini, nikila wali wa mchuzi mzito wa bizari pale kantini pamoja na Wakorea wawili ambao Kijapani chao kilikuwa kibovu kama changu, na hivyo tulielewana vizuri. Jioni nilirudi, nikatangulia majini kama mfalme, nikayaharibu. Babu angeweza kuyachemsha upya, kitufe kilikuwepo. Lakini maji yaliyochemshwa mara ya pili, alisema, ni kiporo.

Mwenye amri nyumbani alikuwa mkwe wake, Mama Sachie, ambaye mumewe alifanya kazi Sendai akirudi mwisho wa mwezi. Ndiye aliyejaza fomu za kunipokea, na kijitabu cha kumtunza mgeni walichompa chuoni alikisoma kuliko mimi nilivyosoma kitabu chochote.

"Mama Sachie," nilimwuliza mwezi wa pili wa kukaa kwangu, "mbona Babu asianze yeye?"

"Wewe ni mgeni, Bwana Masunga."

"Mpaka lini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza mvua ni mvua mpaka lini.

Siri niliipata Januari. Nilikuwa napita chumba cha mikeka ya tatami, pale penye kabati la kuwakumbukia marehemu, ambamo picha ya mke wa Babu, Bibi Kiyo, ilikaa nyuma ya kikombe cha wali na ubani. Babu alikuwa amepiga magoti. Nikadhani anaomba.

"Kiyo," alikuwa akisema, "leo tena nimeogea supu. Tena supu iliyopoa. Wewe tuligombana miaka thelathini, ulinificha pombe yangu ya sake, ulimwambia dada yangu nanuka miguu, lakini hata siku moja hukunipa maji ya uvuguvugu. Nyie mliokufa mna raha. Hamsikii baridi." Akagonga kengele ndogo. "Mtoto mwenyewe si mbaya. Anakula vizuri. Ila anaoga kama anayelowesha maharage."

Nilirudi chumbani kwa ncha za vidole. Kumbe miezi mitatu mizima nilikuwa namwibia mzee wa watu jua lake la pekee, na kila jioni ananiuliza lilikuwaje.

Nikaanza kutafuta namna ya kumrudishia. Nilisema nina kazi ya darasani, atangulie. Akaketi mbele ya televisheni na taulo begani, akiwatusi wacheza mieleka ya sumo: "Msukume, gunia wee! Umekuja kumkumbatia?" Hakuingia. Mama Sachie naye hakuweza kuingia kabla yake. Nyumba nzima ikabaki na uchafu wake ikisubiri nimalize kuandika sentensi ambazo hazikuwepo. Mwishowe nikaenda kuoga.

Nikajaribu kuugua. Hiyo ilifanikiwa. Mama Sachie alinifunga barakoa, akaniwekea kipimajoto, akanipiga marufuku kugusa maji siku mbili. Jioni ya kwanza nikiwa nimelala nilisikia sauti ikitoka bafuni kupitia ukuta, sauti ya chini, ya kukwaruza, isiyofuata noti yoyote. Babu alikuwa anaimba. Alitoka mwekundu kama pweza wa kuchemsha, akaja kunikalia pembeni, akanimenyea tufaha kwa kisu, ganda likitoka utepe mmoja mrefu bila kukatika.

"Pole," akasema. "Usiwe na haraka ya kupona."

Siku ya tatu nikapona, kwa sababu ya mtihani. Babu aliposikia nimepona alisema vizuri sana, kwa uso wa mtu anayesomewa hukumu.

Februari theluji ilianguka siku tatu mfululizo. Mabasi yakasimama, Mama Sachie akakwama mjini. Alasiri Babu alirudi kutoka shambani, theluji imemganda kwenye nyusi, akasimama mlangoni akilitazama paa lililoinama kwa uzito na njia iliyopotea. Kisha akanitazama mimi, nimekaa miguu chini ya meza yenye hita, nakula chungwa.

Nikainuka. "Nikusaidie, Babu."

"Kaa, Mheshimiwa Mgeni."

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Kwetu kuna msemo, Babu. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe."

Akavua glavu moja, taratibu. "Jembe."

"Jembe."

"Na ninyi huwa mnampa kweli?"

"Tena asipolishika anasemwa mtaa mzima."

"Na umekaa hapa siku ngapi?"

Nilizihesabu kwa vidole. "Mia moja arobaini na tatu."

Babu alisema neno ambalo kwenye kamusi zangu zote mbili halikuwemo. Akaenda bandani, akarudi na beleshi la theluji, akanisukumia kifuani. "Shika!"

Yeye akapanda paani, mimi nikabaki chini. Akawa anaangusha, mimi nazoa, na matusi yanashuka pamoja na theluji. "Unaichota au unaibembeleza? Inama, mgongo huo umeuazima? Masa! Unamzika panya?" Masa. Jina langu lililokatwa Kijapani, bila bwana wala mheshimiwa. Nilichapa kazi saa mbili kama mwendawazimu, nikiimwaga theluji yote pale penye nafasi safi kabisa ng'ambo ya uchochoro.

Nafasi ile ilikuwa safi kwa sababu Bi Narita, jirani yetu mjane wa miaka themanini, alikuwa ameifagia tangu asubuhi. Ulikuwa mlango wake.

Hirosaki mtu anaweza kukusamehe ukimchukulia mume. Kumrudishia theluji mlangoni ni jambo la kuhama mtaa. Mlango wake ulifunguka kiasi cha kiganja, theluji ikauzuia hapohapo. Kwenye ufa likatokea jicho, halafu tabasamu.

"Ah, hapana, hapana, si kitu," akaniambia kwa upole wote. "Mgeni hajui."

Babu alikuwa ameshashuka. Sikuwahi kumwona akishuka ngazi kwa kasi ile. Alisimama kando yangu, akaweka kiganja chake kisogoni kwangu, akanibonyeza mpaka kiuno kikakunjika, na yeye akainama chini kuliko mimi.

"Si mgeni," akasema akitazama theluji. "Wa nyumbani kwangu huyu. Amefanya upumbavu. Kosa ni langu."

Tuliinama hivyo muda mrefu. Pua yangu ilikuwa inavuja. Kiganja chake kilikuwa kigumu, baridi kama chuma, na nilitamani asikiondoe.

Tukaizoa upya yote, wawili.

Mama Sachie alifika jioni kwa miguu, akajaza hodhi, akaja sebuleni. "Bwana Masunga, maji tayari. Tangulia."

"Nani atangulie?" Babu akafoka. "Huyu? Amefanya nimwinamie Narita! Mwanamke ambaye sijamwinamia tangu mbuzi wake ale miche yangu! Mgeni akikosea unacheka, Sachie. Wako akikosea unainama. Mimi leo nimeinama mpaka kiuno kimelia."

"Lakini Baba, kijitabu kinasema..."

"Kijitabu kilizoe theluji."

Akachukua taulo, akaenda. Hakuniuliza. Mlango wa bafu ukafungwa, na baada ya kitambo ule wimbo usio na noti ukaanza, ukapanda, ukatetemesha vikombe. Mama Sachie alinitazama kwa wasiwasi, kisha akaona ninavyocheka, akaacha kunitazama.

Aliingia yeye wa pili. Mimi wa mwisho. Unywele mmoja mweupe ulikuwa unaelea. Nikaingiza mguu, nikangoja uungue, haukuungua. Maji yalikuwa yamepita miili miwili na kushuka mpaka kwenye joto langu hasa, lile nililolitafuta kwa bomba la baridi siku mia na arobaini. Nikazama mpaka kidevuni kwa mara ya kwanza.

Hatua zikasikika nje ya mlango.

"Masa! Maji yakoje?"

"Ya uvuguvugu, Babu."

"Haya. Ukitoka uyamwage, usugue hodhi. Na kona zake. Tangu mwaka jana hakuna aliyesugua kona."