Bunduki za Mti

Kazi yangu ni kununua nyumba za marehemu. Kuta hapana, kuta ni za mwenye ploti. Mimi nanunua vilivyomo. Mtu akifariki Kibera na mwili ukapelekwa ushago, kijijini kwao, chumba kinatakiwa kiwe kitupu kabla mwezi haujaisha, na ni familia chache zitakazokodi lori la kubeba kabati bovu hadi Machakos. Hapo ndipo simu yangu hulia. Naingia, natoa pole, nakunywa chai, halafu nahesabu. Nahesabu nikiingia, nahesabu tena nikitoka, kwa sababu kwenye nyumba ya msiba vitu huota miguu.

Chumba cha fundi mmoja kilikuwa Sarang'ombe, humo humo Kibera, cha mabati, kimegawanywa kwa pazia. Mjane wake, mama wa Kikamba mwenye sauti ya chini, alinifungulia mlango nusu. Nikaona meza, viti vinne, jiko la mafuta ya taa, na ukutani, juu ya kitanda, bunduki kumi na moja.

Nilirudi nyuma mpaka nikamkanyaga yule wa mkokoteni niliyekuja naye.

"Ni za mti," mjane akasema. "Ingia tu."

"Mama, hata kama ni za mti. Polisi wakizipata?"

"Wamezipata mara mbili. Mara ya kwanza walilala chini wenyewe, hapo uliposimama. Mara ya pili walikuja kupiga picha nazo."

Marehemu alikuwa mchongaji. Alianza na twiga wa watalii kama baba yake, kisha akapata kazi kwenye duka moja la bunduki mjini, kubadilisha vitako vya mti vilivyopasuka. Wateja wa pale walikuwa wa aina mbili, mjane alinieleza akimimina chai. Kuna wa kupiga na kuna wa kuweka. Wa kuweka huleta bunduki imeviringishwa kwa kitambaa, huuliza huo mti una miaka mingapi, na akirudishiwa huipapasa kama mtoto aliyepona homa. Wa kupiga huuliza tu itakuwa tayari lini. Fundi aliwahudumia wote, lakini roho yake ilikuwa ya kuweka. Kibali hakuwa nacho, wala pesa ya bunduki, basi kila iliyompendeza alijichongea yake nyumbani, kipimo kwa kipimo, akapaka mtutu rangi nyeusi na mafuta. Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakutoboa mtutu. Zote zilikuwa na midomo iliyozibwa.

"Alisema akitoboa zitapata njia," mjane akasema.

"Njia ya nini?"

"Hakusema."

Nilikuwa na mteja mwenye hoteli huko barabara ya Naivasha, mtu wa kupamba kuta kwa vitu vya zamani, kwa hiyo nilizichukua zote pamoja na kitanda, meza na viti. Godoro nilimwachia mjane mpaka mwisho wa mwezi. Bunduki tulizifunga kwa magunia, mafurushi matatu: nne, nne, tatu. Huko nje nikarudia: nne, nne, tatu. Yule wa mkokoteni aliinua lile lenye tatu, akaguna.

"Mathe, hili la bunduki tatu ni zito kuliko yale mengine."

Nikacheka. Watu wa mkokoteni nawajua. Mzigo wao huongezeka uzito kila wakiona mwenye mali ameshika pochi.

"Beba," nikamwambia. "Huo uzito ni njaa yako."

Akabeba hadi Gatina, huko Kawangware. Sikumwongeza hata bob.

Duka langu ni la mabati na liko kando ya barabara. Lori la maji likipita, ukuta mzima hutetemeka. Nilizitundika kwa kamba kwenye misumari, mstari mmoja, na lori la kwanza lilipopita zilicheza na kugonga bati: ko, ko, ko, ko. Moja haikugonga. Ilining'inia wima, imetulia kama mtu anayesikiliza. Nikadhani ni msumari. Nikaihamisha msumari mwingine. Lori likapita, kumi zikagonga, ile ikatulia.

Siku ya pili mama anayekaanga samaki wa omena ng'ambo ya barabara alikuja kuomba chenji. Hakuvuka kizingiti. Alinyoosha mkono tu kutoka nje.

"Hiyo moja inaniangalia," akasema.

"Zimezibwa midomo. Haziangalii mtu."

"Basi inanisikiza."

Nikamwambia omena zake zina macho mengi kuliko bunduki zangu. Hakucheka, na kesho yake aligeuza karai lake likatazama upande mwingine.

Siku ya nne alikuja mwanamume wa miaka kama hamsini, koti limepigwa pasi. Gatina ilikuwa imenyeshewa siku mbili mfululizo, na viatu vyake havikuwa na tope.

"Sasa, mathe."

"Poa. Karibu, kuangalia ni bure."

"Ziko ngapi?"

"Kumi na moja."

"Una uhakika?"

"Nimehesabu mara mbili."

"Unahesabu vizuri," akasema, kwa sauti ya mwalimu anayemsifu mtoto aliyekosa hesabu.

Hakuuliza nani alizichonga, wala ni mti gani. Alipita akizisukuma moja moja kwa kidole, kama anayejaribu milango. Zilibembea. Alipofika kwa ile tulivu, kidole kikasukuma, nayo ikakataa. Akainama, akanusa kitako.

"Hii. Bei?"

Nikamtupia bei ya kwanza, ile ya matusi, ambayo muuzaji na mnunuzi huanzia huko juu, wakiteremka polepole hadi kwenye urafiki. Akatoa pochi na kuanza kuhesabu noti.

Nimeuza vitu Kawangware miaka kumi na minane. Hakuna aliyewahi kulipa bei yangu ya kwanza.

"Ngoja kidogo," nikasema. "Hiyo kuna mtu ameiwekea arbuni. Lazima nimpigie kwanza."

Alirudisha noti bila haraka. "Mpigie. Nitakuja kesho saa nne."

Alipoondoka nilifunga mlango nikaishusha. Mkono ulianguka nayo. Chini ya rangi kulikuwa na chuma. Mdomoni palikuwa na kigingi cha mpingo kilichopachikwa vizuri hivi kwamba ukucha wangu haukupata kiungo.

Niliifunga guniani, nikachukua boda hadi Sarang'ombe. Mjane alikuwa akifua mlangoni, na sikumsalimia.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaniuzia?"

"Wanasema wewe huhesabu kila kitu mara mbili. Nikadhani utaijua papa hapa."

"Kuhesabu si kupima!"

"Haya, sasa umepima."

Nikamtajia yule wa viatu safi. Akafuta povu mikononi, akanieleza. Duka la mjini lilipofunga, wateja wengine walimfuata mumewe nyumbani. Huyu wa viatu safi alileta bunduki yake mara tatu. Mara ya tatu kitako kilikuwa kimepasuka, na ndani ya ufa mna kitu cheusi ambacho fundi alidhani ni vanishi. Alikisugua kwa tapentaini, hakikutoka. Alikisugua kwa maji baridi, maji yakawa mekundu.

Alimwambia mwenye bunduki kwamba imeibiwa. Kisha akaiziba mdomo, akaipaka rangi kama zile zake, akaitundika mahali pa mfano wake wa mti aliokuwa ameuchonga zamani.

"Alisema ameigeuza," mjane akasema. "Ilikuwa ya kupiga, sasa ni ya kuweka. Halafu akaugua. Kwenye matanga huyo mtu alikuja, akala, akasimama mbele ya ukuta."

"Akihesabu?"

"Akitabasamu. Nikajua atarudi. Ndiyo nikakupigia."

Nikamuuliza kama kile kigingi kinaweza kutoka. Akanijibu kwamba ni mti tu. Mtu mwenye keekee ya kutobolea angekitoa mchana mmoja, na damu itakayoingia kwenye ufa safari hiyo huenda ikawa ya mtu tunayemsalimia kila siku. Akaingia ndani, akainua godoro. Chini yake ulikuwa ule mfano, mwepesi kama kiti cha mtoto.

Kuingia kituo cha polisi umebeba bunduki ni njia ya haraka ya kuzikwa, kwa hiyo tulimtafuta pasta wake. Aliizungushia leso mbili, tukafika kwa chifu kabla ofisi haijafungwa.

"Ya nani?" chifu akauliza.

"Ya marehemu," pasta akasema.

Marehemu hakamatwi, basi chifu akaipokea. Tulimweleza pia habari za yule mtu, ingawa jina hatukuwa nalo. Alisema atatuma watu. Kwangu hawakufika.

Kesho yake, saa nne kamili, yule wa viatu safi aliingia. Ule mfano ulikuwa kwenye msumari. Aliushika kwa nguvu ya kubebea chuma, nao ukaruka juu ukakaribia kugonga paa. Kisha akauweka begani na kunilenga kifuani.

Nilijua ni mti. Nilikuwa nimeubeba mwenyewe kutoka Kibera, na nikiuona mdomo wake mbele yangu, mweusi, umezibwa. Hata hivyo nilirudi nyuma mpaka nikagusa bati.

"Iko wapi?"

"Umeishika."

"Mathe."

"Niliingiza kumi na moja. Ziko kumi na moja."

"Yule mama alijua?"

"Yule? Hawezi kutofautisha bunduki na mwiko. Aliniuzia hata kitanda alichokuwa akilalia."

Aliurudisha kwenye msumari, akaunyoosha kwa ncha ya kidole kama picha ya mzazi iliyokaa upande. Akatoka bila kuaga. Pale kona alisimamisha boda, nami nikamwona akimwonyesha dereva kwa mkono upande wa Kibera.

Nikampigia mjane.

"Ameenda?" akauliza.

"Anakuja. Toka."

"Basi la Machakos ni saa saba, bado sijafunga..."

"Wacha kufunga. Toka na hicho ulichovaa."

Saa tisa alinipigia akiwa kwa dada yake, Machakos, kuku wakilia nyuma yake. Alikuwa amesahau viatu, amesafiri na malapa. Hatukutaja bunduki.

Mwenye hoteli alizichukua zote, akauliza umri wa mti, nikafurahi kumjibu. Mwisho wa mwezi nilimpigia mwenye ploti wa Sarang'ombe kuuliza juu ya godoro. Akaniambia nisijisumbue, chumba kimeshapata mtu. Mtu mzima, mpole, koti limepigwa pasi, amelipa miezi sita mbele na hakuomba kupunguziwa hata shilingi.

"Amehamia na vitu gani?" nikauliza.

"Hana kitu. Nilimwambia nitaing'oa ile misumari ya ukutani nipake rangi, akakataa."

Mjane huniuliza mara kwa mara kama ni salama kuja kuchukua viatu vyake. Namwambia nitamnunulia vingine.