Pampu ya Kuoshea Kamba

Mume wangu hakuzaliwa kiziwi. Masikio yamemwisha kidogo kidogo, na sasa ukitaka akuelewe lazima usimame mbele yake, uso kwa uso. Kazi yake ni kuwashusha wageni kwa kamba kwenye makorongo ya mlimani, na wenzake humwita Mjusi kwa jinsi anavyoganda kwenye miamba. Basi juzi mdogo wake, ambaye ndiye mwenye ofisi, akaamua kwamba kazi imemshinda Mjusi.

Tulikuwa stoo tunapanga safari ya kesho yake: korongo refu, siku nzima. Kamba zimetandazwa sakafuni, mayai ya kuchemsha yanapoa kwenye beseni, waongozaji wamekalia mabegi. Mume wangu anaeleza mpango kwa ile sauti yake ya juu. Tuingie alfajiri, tupite penye wembamba kabla mawingu hayajakusanyika, maana mvua ikinyesha huko juu, maji yatatufuata chini. Na tukishashuka poromoko la kwanza na kuivuta kamba, hakuna kurudi. Njia ni mbele tu.

"Kaka hatangulii," shemeji akasema, macho kwangu. "Atabaki kambini apike chai."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu. "Mimi si spika yako."

"Shemeji, mtu akimwita kule chini hatasikia. Nije nimzike kaka yangu kwa sababu nilimwonea haya?"

Nilijua anaogopa kweli. Lakini hasira zilinipanda. Kamba kafundishwa na kaka yake, leo anamsema mbele yake kana kwamba anazungumzia kabati.

Pale pembeni kuna pampu ya kuoshea kamba, ambayo kwa kelele zake majirani hawatusalimii. Nikaiwasha. Stoo nzima ikanguruma. Shemeji akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena. Nadhani hata yeye hakuisikia sauti yake.

Mume wangu akanitazama, akacheka. Kule kwenye maporomoko ndivyo kulivyo: hakuna anayemsikia mwenzake, wote husemeshana kwa mikono. Akanyoosha mkono, waongozaji wakainuka. Akazungusha kidole, wakafunga mikanda. Kisha akamgeukia mdogo wake, akajiwekea kiganja utosini: uko salama?

Shemeji akakaza shingo. Hakutaka. Lakini mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kichwani, kama alivyozoeshwa na kaka yake tangu ujana: niko salama.

Nikazima pampu. Shemeji akajifuta macho, akasema ni maji ya pampu, na hakuna aliyembishia. Kisha akazizunguka kamba zote pale sakafuni, akaja kusimama mbele ya kaka yake, uso kwa uso.

"Kaka," akasema polepole, "tunaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri," mume wangu akajibu. "Na chai utapika wewe."