Uji Niliompelekea Binti Yangu Wodini

Wajukuu wangu saba niliwapokea kwa mikono hii, hapa Butiama, kabla serikali haijatukataza kuzalisha nyumbani. Shule niliishia darasa la tatu, lakini tumbo la mzazi nalijua. Nilikuwaga najivunia hilo mbele ya mtu yeyote.

Binti yangu wa mwisho, anayekaa Kigera, alikaa miaka sita kwenye ndoa bila mimba. Alipoipata nilihamia kwake mapema nimsubiri. Siku ya uchungu tukaenda hospitali tangu asubuhi; mpaka saa nane mchana njia haijafunguka. Nikaona hawa watoto wa makoti meupe wanachezea muda. Nikarudi nyumbani, nikapika uji wa ulezi, nikachanganya maji ya mzizi ninaotumiaga siku zote kuharakisha uchungu, nikautia kwenye chupa ya chai.

"Mama, mbona una ladha hivi?"

"Kunywa. Umekuja kuzaa au kuonja?"

Akamaliza vikombe viwili. Muda si mrefu nesi akaja na dripu ya kuongeza uchungu. Kabla ya kuifungua akaniangalia.

"Bibi, mmempa dawa yoyote ya kienyeji? Nambie ukweli. Dripu hii haichanganywi na dawa hizo."

Yule nesi ni mdogo kwa mjukuu wangu wa kwanza, na wodi nzima ilikuwa imetega masikio.

"Mimi ni mtu wa kanisani," nikamjibu. "Nimempa uji."

Akafungua dripu.

Uchungu ukaja mfululizo, hauna hata nafasi ya kuvuta pumzi. Halafu ukakatika ghafla, na binti yangu akawa baridi kama samaki. Wakamkimbiza kupasuliwa. Daktari alitoka akanieleza taratibu: mfuko wa uzazi ulipasuka, mtoto hakupona, na mfuko wameutoa ili mama yake aishi.

Mtoto alikuwa wa kiume. Mzima kila kiungo.

Siku ya tatu maziwa yakashuka. Nani angeyaambia kwamba tumeshazika? Kitanda cha pili kichanga kikilia, gauni la binti yangu linalowa mpaka kiunoni, anageukia ukutani.

Tuliporudi Kigera, ndugu wa mume wakaja kutoka Bunda. "Dripu yao ndiyo imeua," wakasema. "Yule nesi lazima ashitakiwe." Nikawaandalia chai. Walipoondoka kwenda kulalamika hospitali, nilikusanya vikombe. Nikaingia chumbani. Binti yangu alikuwa amekaa kitandani, anakamua kidogo kwenye bakuli apunguze maumivu.

Nikamwambia yote.

Hakuinua uso.

"Nilijua, mama. Nesi alipouliza, nilijua. Ningekuaibishaje mbele za watu?"

Akaendelea kukamua. Afadhali angenitukana.