Uso Alioupindua Ukungu

Mmeniganda kama luba mpaka nimekubali. Kila nikikaa nipumzike, mmoja wenu anakuja: shangazi, andika kile kisa cha picha, wewe ndiye unayekijua chote. Kama mnajua kwamba nakijua, si mngeniacha nacho? Kalamu kwangu ni mzigo, shule niliionja tu, na aliyefanya mambo haya ni mtoto wa kaka yangu. Basi nitaandika kwa namna yangu, na atakayeona nimekosea aandike yeye.

Huyo mtoto wa kaka, mtu mzima sasa, ana kitambi na mvi za pembeni, watu wanamwita Ukungu. Ana studio ya picha pale kwenye kona, chumba kimoja chenye pazia la kijivu, stuli mbili, na kompyuta inayokoroma kuliko mwenyewe. Jina hakulipata bure. Kazi yake ni kuunganisha picha. Umefiwa na baba yako, hujawahi kupiga naye picha hata siku moja? Mpelekee Ukungu ile picha ndogo ya kitambulisho. Atakata kichwa, atakitafutia kiwiliwili chenye suti, atawakalisha wewe na marehemu pamoja kana kwamba mlikaa hivyo kweli. Kisha ataipaka rangi ya chai iliyokolea majani, ataitia mikunjo na mikwaruzo, ionekane imetoka kwenye sanduku la bibi. Mwisho anatandaza ukungu huku chini, kwa sababu, aliniambia mwenyewe, miguu ndiyo inayoumbua: ukiipachika vibaya mtu anaelea.

Na alikuwa na maringo na kazi hiyo. Mteja akitokwa machozi mbele ya picha, yeye anakunja mikono kifuani na kusema, "Mimi nawakutanisha waliotenganishwa." Nami namjibu, "Wewe unabandika vichwa, baba. Punguza." Anacheka.

Siku moja akaja dereva wa malori, mzee aliyestaafu, amefiwa na mkewe. Maisha yake aliyamalizia barabarani akiendesha, na mke akaondoka bila wao kupiga hata picha moja pamoja. Wakwe zake walimchoma kwa hilo miaka yote: umeoa binti yetu au umeoa lori? Akatoa picha ya kitambulisho ya marehemu na yake mwenyewe ya ujana, akasema kwa sauti ya chini, "Nitengenezee moja ya zamani, tumekaa kwenye benchi. Na iwe siri yetu. Nitawaambia nimeikuta kwenye mizigo yangu."

Ukungu akaapa kutunza siri. Kazi ikaanza, ikamgomea. Uso wa mzee ulipigwa na mwanga wa kushoto, wa mkewe ulipigwa na mwanga wa kulia. Ukiwaweka pamoja, kila mmoja ana jua lake. Hapo akafanya alivyozoea: akaupindua uso wa yule mama, kulia kukawa kushoto, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Mwanga ukakubali. Akampa mwili wa mteja mmoja wa zamani, mkono umeshika kiwiko cha mume, akamwaga rangi yake ya chai, mikunjo, ukungu. Nyuso za mtaani kwetu alizozipindua hivyo ni nyingi, na hakuna aliyewahi kugundua.

Ila marehemu alikuwa pacha. Yeye na mdogo wake walifanana mpaka mama yao aliwatofautisha kwa kidoa cheusi tu: mkubwa chini ya jicho la kushoto, mdogo chini ya jicho la kulia. Mdogo yu hai, ameolewa na fundi wa kuchomelea mageti. Ukungu anamjua, wanasalimiana kila siku. Kidoa hakukitazama. Alikuwa akitazama mwanga. Mzee naye aliipokea picha kwa machozi, hakukiona.

Mzee akaalika ndugu wa pande zote waje waione picha ukutani. Ukungu naye akaenda, kachomekea shati, kufuata sifa. Kitambaa kikaondolewa. Watu wakashusha pumzi kwa uzuri wake, kisha sauti zikafifia moja baada ya nyingine. Binamu yao mmoja, mwanamke asiye na breki mdomoni, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mbona huyu ni mdogo?" akasema. "Kidoa kiko jicho la kulia."

"Rudi ukae, miwani umeiacha nyumbani," mtu akamjibu, na wengine wakacheka.

Fundi mageti hakucheka. Aliiangalia picha ilivyochakaa, akauangalia ule mkono uliokamata kiwiko, akamgeukia mkewe. "Hii mlipiga lini? Kabla yangu au baada?"

"Sijawahi kukaa na shemeji kwenye benchi lolote."

"Picha imekunjika kwa uzee, na wewe unaniambia hujawahi."

Mzee akasema, "Huyo ni mke wangu, jamani," lakini sauti ilimtetemeka kwa ile siri aliyoificha, na watu wakadhani anatetemeka kwa jingine. Fundi mageti akamwuliza Ukungu, "Wewe ndiye mwenye ujuzi. Picha hii ni ya zamani au si ya zamani?"

Ukungu alikuwa amekwisha kukiona kidoa. Alijua kosa liko wapi, na neno moja lingetosha. Lakini kulisema ni kukiri mbele ya watu ambao nusu yao wana picha zake majumbani.

"Ni ya zamani," akasema. "Mimi nimeifuta vumbi tu."

Baadaye alijiambia kwamba alikuwa anatunza siri ya mzee. Hakuwa anatunza siri ya mtu. Alikuwa anatunza jina lake, na alilijua hilo kabla hajamaliza kusema.

Fundi mageti akatoka bila kuaga, akahamia kwenye karakana yake, akawa analala juu ya maboksi. Mtaani midomo ikapata kazi. Ukungu akafungua studio kama kawaida, lakini akisikia wanawake wanacheka bombani, anapita upande mwingine wa barabara.

Kisha yule pacha akaja mwenyewe. Akavuta stuli, akakaa, salamu hakutoa.

"Nionyeshe hilo benchi. Nataka kujua lilikuwa gumu au laini."

Ukungu akaeleza yote, akiongea na kibodi. "Nisamehe, dada. Nitatengeneza nyingine, niibadilishe kimyakimya, hakuna atakayejua."

"Ya ukutani utaibadilisha. Ya vichwani mwao utaibadilisha na nini?"

Ukungu akaanza kufuta vumbi kwenye kibodi.

"Mwanangu wa mwisho anaulizwa na wenzake baba yake ni yupi," yule mama akasema. "Wewe unaniletea habari za kimyakimya." Akainuka, akairudisha stuli mahali pake, akaenda zake.

Ukungu akaja kwangu uso umemshuka. "Shangazi, nenda ukaniombee msamaha." Nikamwambia, "Mdomo uliosema ni ya zamani uko usoni kwako. Upeleke mwenyewe."

Akaenda karakana mchana kweupe, mafundi wote wapo, cheche zinaruka. Akaiweka kompyuta juu ya meza ya vyuma, akaupindua uso mbele yao. Kidoa kikahama. Akaupindua tena, kikarudi.

Fundi mageti akavua miwani ya kuchomelea. "Na huo mkono?"

"Wa mama mmoja, alikuja kupiga picha zamani. Hata simkumbuki."

"Benchi?"

"Limetoka picha nyingine."

"Na ukungu?"

"Wangu."

"Sasa cha kweli humo ni kipi?"

"Nyuso mbili," Ukungu akasema. "Na moja niliipindua."

Fundi mmoja akaanza kucheka, akaona hana mwenzake, akarudi kwenye kazi. Fundi mageti akamsogezea Ukungu kompyuta yake. "Nilikuuliza mbele ya watu," akasema. "Kanijibu mbele ya walewale."

Ndugu wakaitwa tena nyumbani kwa mzee. Ukungu akasimama chini ya picha yake, akasema alichokifanya na alichokidanganya, jasho likimtiririka hadi kwenye mkanda. Mzee naye akakiri alivyotaka kujikosha kwa wakwe. Akaishusha picha kwa mikono yake, akaomba ile ya kitambulisho ikuzwe ilivyo, bila benchi, bila yeye.

Fundi mageti alirudi nyumbani. Mlango alifunguliwa, karibu hakuambiwa. Mpaka leo akichelewa, mkewe anamwuliza, "Leo ulikuwa benchi gani?" na mwanamume anainamia sahani.

Ukungu bado anaunganisha picha, ila sasa anaandika pembeni kwamba zimeunganishwa, na uso wa mtu haupindui tena. Yule mama akipita pale nje, yeye huinama chini ya meza kama aliyeangusha kitu. Namwona. Sijamwambia ainuke.

Sasa wewe uliyesoma. Kisa hiki bado kinatembea mitaani, na kinatembea nusu, ile nusu tamu ya shemeji na benchi. Ukimsikia mtu anakisimulia, mkatize hapohapo, mpe nusu iliyobaki. Na kama uliyekipeleka bombani ni wewe, vaa viatu uende kwa yule mama, nyumba ile yenye geti la bluu, ukamwambie kwa mdomo wako kwamba ulisema uongo. Usitume mtu.